Rili imeanza kusumbua baada ya kupakwa grisi? Kagua kwanza ulichopakia

Wanaoniletea rili, zile mashine za kuzungushia mshipi wa kuvulia, hufika nazo zimefungwa kwenye gazeti au fulana, na maelezo ni yale yale: "Fundi, nimeifungua mwenyewe, nikaisafisha, nikaitia grisi ya kutosha, sasa haitaki." Naifungua na kukuta chuma kizima na grisi ya maana. Tatizo ni kilichoibeba grisi kuiingiza humo: kidole, kijiko cha chai, brashi ya kupakia rangi mageti. Mara moja niliiona iliyojazwa kwa bomba la grisi la gereji, lile la kupakia nyipoli (vitundu vya kuingizia grisi) za Fuso. Grisi ilikuwa inatokea kwenye mpini.

Kwa Mwanza, rili si chombo cha kila mvuvi. Kirumba, Igombe na Kayenze kazi inafanywa na nyavu, karabai na mishipi ya ndoano nyingi. Rili wanazo vijana wanaorusha wakiwa juu ya mawe, wenye boti wanaokokota chambo bandia wakimtafuta sangara, na wanaowaongoza wageni wavuvi upande wa Rubondo. Kwa sababu ni wachache, spea hazipatikani kirahisi na mtu hujifundisha kwenye video. Video nyingi zinatengenezwa na watu wa baharini, ambao huziba kila pengo kwa grisi wakiogopa chumvi. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Ukiiga ujazaji wao, unajitafutia nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa.

Kopo langu la vifaa

Vyote vinaingia kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Sirinji mbili za mililita 5, moja ya grisi ya gia na nyingine ya grisi ya breki ya rili (ile inayoachia mshipi samaki akivuta), zimeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Brashi mbili za kuchorea za watoto wa shule, namba 2, ambazo nywele zake nimezikata nusu ili ziwe ngumu kidogo. Vijiti bapa vya aiskrimu. Kichupa cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mwembamba. Fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa hadi haitoi tena manyoya. Na simu, ya kupigia picha kila hatua kabla sijatoa kitu mahali pake.

Maonyo matatu, na haya sina mzaha nayo.

Sirinji nunua mpya duka la dawa. Usipokee iliyotumika, hata kama ndugu yako anafanya kazi zahanati. Ukishaitia grisi iandike na uihifadhi mbali na jikoni, maana kwenye nyumba nyingi sirinji ndiyo inayompimia mtoto dawa ya maji.

Bomba la grisi la gereji lisisogee kwenye rili. Presha yake inang'oa sili, lakini kubwa zaidi ni kwamba inaweza kuipenyeza grisi chini ya ngozi yako. Kidonda chake huonekana kidogo kama cha mwiba na pengine hakiumi mwanzoni. Hiyo ni dharura ya upasuaji: nenda hospitali saa ile ile, usingoje mkono uvimbe.

Usisafishie petroli, hasa kwenye kibaraza ambacho hatua tatu pembeni kuna jiko la mkaa. Mafuta ya taa yanatosha, nayo yatumie mbali na moto. Thina nayo inalainisha na kupasua plastiki za rili.

Dalili: sirinji inagoma, au ikianza kutoa haikomi

Nimeanza na hii kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine.

Mara nyingi kosa ni sindano nyembamba. Namba ya sindano inakwenda kinyume: ikipanda, tundu linapungua. Ile ya kichwa cha kijani, namba 21, ina tundu la kama nusu milimita tu. Grisi ya kawaida ya magari, yenye ugumu namba 2 kwa kipimo cha NLGI, haipiti humo hadi uilazimishe, na ukiilazimisha sindano inachomoka na mzigo wote unatua kwenye gia. Ya pinki, namba 18, ina tundu la karibu milimita 0.8 na inafaa kwa grisi laini. Grisi ngumu haihitaji sindano kabisa, tumia mdomo wa sirinji wenyewe. Ukitaka kutumia sindano, isage ncha kwenye tupa mpaka iwe butu, fungua tundu kwa pini, kisha ioshe vizuri ili chembe za chuma zisiingie kwenye rili. Sindano kali inakwaruza kuta za beringi na siku moja itakuchoma.

Kama grisi inaendelea kutoka hata ulipoacha kusukuma, ndani mna hewa. Hewa inabanwa kama springi, ukiachia kidole inajinyoosha na kusukuma kilicho mbele yake. Mtu anakusudia kuweka tone kama punje ya mtama, anaondoka akiwa ameacha tone kama harage. Dawa yake ni kujaza sirinji kwa nyuma. Chomoa pistoni, weka grisi kwenye pembe ya pakiti safi ya plastiki (tangu mifuko ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 mimi natumia pakiti tupu za chumvi, nikizikosha na kuzikausha kweli kweli), kata pembe kidogo na uminye grisi ndani ya sirinji. Igongegonge kwenye meza ikae chini, rudisha pistoni, igeuze mdomo juu na sukuma taratibu mpaka hewa iishe.

Pistoni ikiwa nzito kuliko mwezi uliopita, tazama ule mpira wake mweusi. Mafuta yanayotokana na petroli huuvimbisha. Haurudi ulivyokuwa, badilisha sirinji; bei yake haifiki ya soda. Zipo sirinji zisizo na mpira, za plastiki tupu, hizo zinadumu.

La mwisho, kinachotoka ni mafuta mepesi kwanza, halafu grisi kavu. Grisi imejitenga kwa joto. Imimine kwenye kifuniko, ikoroge kwa kijiti, ijaze upya. Isilale kwenye dashibodi ya gari wala kwenye boti juani.

Dalili: mpini umekuwa mzito kuzungusha

Usikimbilie kufungua. Toa spuli (gurudumu linalozungushiwa mshipi) kisha zungusha. Ikiwa nyepesi, shida iko kwenye spuli, si kwenye gia. Legeza skrubu za ubavuni robo mzunguko na ujaribu tena, maana wengi hukaza kama wanakaza tairi na kuubana mwili wa rili. Kizungushe na kishikio cha mpini peke yake, huenda ndicho kilichokauka.

Kisha iangalie kwa saa. Rili iliyo nzito alfajiri ukiwa ziwani, na saa sita jua likiwa kichwani ikawa nyepesi, imezidishiwa grisi. Chuma kilichopinda hakijui saa.

Kuzidisha ndiko kunakoongoza, tena kwa mbali. Grisi ikijaa ndani ya mwili, gia inaikata na kuivuruga kila mzunguko, na ule uzito unaousikia mkononi ni wa kupiga uji. Fungua ubavu, ondoa grisi kwa kijiti bapa, pangusa, halafu rudia kwa brashi. Kipimo changu ni macho: baada ya kupaka, umbo la kila jino la gia lionekane wazi chini ya ule utando. Mabonde yakijaa hadi gia inafanana na mkate, punguza. Kwa rili ya kadiri, ya saizi 4000, mililita 1 hadi 2 zinanitosha kwa gia kubwa, pinioni (gia ndogo inayozungushwa na ile kubwa) na shafti kwa pamoja. Namba zilizopigwa ubavuni mwa sirinji ndizo faida yake kuu juu ya kidole, zisome.

Ikiwa bado nzito, tazama beringi. Wapo wanaoingiza mdomo wa sirinji kwenye beringi na kusukuma mpaka grisi itokee upande wa pili. Rili ndogo haina nguvu ya kuzungusha gololi zilizozama kwenye grisi ngumu. Zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, weka tone moja la mafuta ya cherehani.

Inafuata kuchanganya grisi. Ya zamani ilikuwa ya aina moja, umeongeza nyingine juu yake, na zikikutana zinaweza kuwa ngumu au kuyeyuka kama supu. Rangi haisemi kitu, nyekundu mbili zaweza kuwa ndugu au maadui. Ukibadilisha aina, osha yote.

Sababu ya nne ni nadra, lakini ilinila mchana mzima. Nilifunga rili ya mteja mara tatu, kila mara gia inabana kidogo kwenye nusu ya mzunguko. Nilipima, nikanuna, nikanywa chai, nikarudi. Jioni naokota taka nikakuta ile washa, pete ya chuma nyembamba kama ganda la kitunguu, imeganda nyuma ya kijiti cha aiskrimu nilichokuwa nimetupia kwenye ndoo. Grisi ni gundi pia. Brashi au kijiti chochote kinachogusa beringi kinaweza kuondoka na washa ya kurekebisha nafasi usiione. Kwa hiyo kabla ya kutupa kitambaa au kijiti, kikague chini ya mwanga pande zote.

Acha hapo na umpelekee fundi kama uzito unajirudia sehemu ile ile moja katika kila mzunguko ingawa umesafisha na kuhesabu washa. Hapo kuna jino lililovunjika au shafti iliyopinda. Kunyoosha shafti kwa nyundo juu ya jiwe nimekuona kwingi, na sijaona iliyopona.

Dalili: mpini unarudi nyuma

Mzee mmoja alinijia akiwa na rili mkononi na hasira usoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kukaa:

"Mwanangu, samaki amevuta, mpini umenipiga vidole. Hii mashine mmeilisha nini?"

"Nani aliitia grisi, mzee?"

"Mjukuu. Kwa sindano, vizuri kabisa. Mpaka ikashiba."

Ilikuwa imeshiba kweli. Nilipotoa kichwa kinachozunguka, klachi, ile inayozuia mpini kurudi nyuma, ilikuwa imezama kwenye grisi, huoni hata mahali kilipo chuma.

Ndani ya klachi hiyo kuna vijichuma vya mviringo, virefu kama punje za mchele, vimepangwa kuzunguka bomba fupi la chuma. Kila kimoja kinasukumwa na kispringi chembamba kuelekea kwenye pembe inayozidi kuwa nyembamba. Ukizungusha mbele vinakwenda upande mpana, vinapita bure. Mpini ukitaka kurudi vinaingia kwenye pembe, vinabana, unasimama hapo hapo. Nguvu ya zile springi ni ndogo sana, ni ya kusukuma punje ya mchele. Ukivizungushia grisi nzito, vijichuma vinakwama njiani, havifiki kwenye pembe. Mpini unateleza robo au nusu mzunguko kisha unashika kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachovunja vitu.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji bisibisi. Baadhi ya rili zina kitufe chini cha kuruhusu kurudi nyuma. Kama kipo, hakikisha hakijakaa katikati. Kisha zungusha mbele na uvute nyuma ghafla, mara kumi, ukihesabu inayoteleza. Irudie asubuhi na mchana. Ikiteleza asubuhi zaidi, ni grisi.

Grisi inafika humo kwa njia mbili. Ya kawaida ni kwamba haikuwekwa pale: iliwekwa kwa wingi kwenye pinioni, na kwa vile klachi inakaa juu ya pinioni, ikapanda na shafti kidogo kidogo mpaka ikafika. Ndiyo maana rili hutoka kwa fundi ikiwa nzima na kuanza kuteleza baada ya wiki mbili. Njia ya pili ni ya makusudi, mtu ameona chuma kinang'aa akakihurumia. Mara chache zaidi kosa ni mafuta mazito yaliyotumika mahali pa mepesi, na nadra kabisa ni bomba la ndani kulika au kuingia kutu.

Kuitengeneza: toa spuli, toa nati ya kichwa kinachozunguka. Baadhi ya rili nati hii ina uzi wa kinyume, kwa hiyo ikigoma usiikaze kwa hasira, jaribu upande wa pili kwa upole. Inyanyue klachi pamoja na bomba lake la katikati, usilichomoe, kwa kuwa ndilo linalozuia vijichuma visimwagike. Izamishe yote kwenye kikombe cha mafuta ya taa safi, itikise, mimina, rudia mpaka mafuta yatoke meupe. Suuza kwa spiriti, acha ikauke kivulini. Weka tone moja dogo la mafuta mepesi, si zaidi, tena kwa ncha ya kijiti cha meno ulichokichovya. Sirinji hapa usiishike kabisa. Halafu punguza ile grisi ya pinioni iliyoanzisha haya yote, la sivyo tutaonana mwezi ujao.

Vijichuma vikimwagika, simama. Vifunge vyote kwenye karatasi, hata vile vya sakafuni, umpelekee fundi saa mwenye macho na kibanio. Na klachi safi iliyokauka ikiendelea kuteleza inabadilishwa, haitengenezwi. Usiivulie katika hali hiyo. Mpini unaorudishwa na sangara mwenye kilo zake unaweza kuvunja kidole.

Dalili: breki inatoa mshipi kwa kurukaruka, au haishiki kabisa

Kabla hujaishuku breki, chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa spuli na mwingine juu ya mshipi uliozungushiwa. Kaza breki, vuta. Kama spuli imesimama na mshipi unazunguka juu yake, breki yako ni nzima. Mshipi wa kusuka unateleza juu ya spuli laini kwa sababu haukushikiwa na chochote chini. Zungusha kwanza mita chache za nailoni au bandika utepe wa gundi, basi. Nimewahi kulipwa kwa kuonyesha mstari huu tu, nikaona aibu kidogo.

Ikiwa spuli ndiyo inayozunguka, fungua kifungo cha breki na upige picha mpangilio wa washa kabla hujazigusa. Zipo za kitambaa kizito kama cha kofia ya baridi, na zipo za kaboni, nyeusi zenye msuko. Zinazorukaruka mara nyingi zimepakwa grisi ya gia. Ile inanata: washa inashika, inaachia, inashika, na mshipi unakatika wakati wa kushika. Zioshe, kisha tumia grisi ya breki za rili yenye PTFE (plastiki ya utelezi, ndiyo Tefloni). Ipake kwa brashi, halafu ipanguse kwa fulana mpaka ubaki mng'ao tu. Kama mtengenezaji alizitoa kavu, zirudishe kavu.

Inayofuata ni unywele wa brashi. Unywele mmoja ulionaswa kati ya washa mbili unatosha kuifanya breki ishike vibaya kila mzunguko mahali pamoja. Kabla ya kuanza kazi, bana nywele za brashi kwa vidole na uzivute mara tatu nne. Zinazotaka kutoka zitoke mezani. Pamba za masikio nazo zinaacha manyoya. Zifae kusafishia, si kupakia.

Ikiwa breki haishiki hata ukikaza mwisho, grisi imezidi au washa zimelika. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, mwaloni hukosi wa kukuazima. Breki iwekwe kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo 12 uachie ukivutwa kilo 3 hadi 4. Vuta taratibu, na sindano ya mizani isirukeruke.

Washa za chuma zikiwa zimegeuka rangi ya bluu au zimepinda, usizisugue. Ziliungua, tafuta nyingine.

Dalili: sauti ya kusaga

Mji wetu umekaa juu ya mawe, na mchanga wa mawe haya una punje ngumu zinazokwaruza chuma. Punje hizo zinaingia kwenye rili zikiwa zimepanda brashi. Kopo la grisi limeachwa wazi kwenye ngalawa, au brashi imelazwa juu ya jiwe na kurudishwa koponi. Tangu hapo kila rili itakayopakwa kutoka kopo lile italia.

Ijaribu grisi yenyewe kabla ya kulaumu gia: paka kidogo kati ya vipande viwili vya kioo, sugua, sikiliza. Ikikwaruza, kopo zima lihamishie kwenye bawaba za geti. Grisi ikiwa safi, osha gia na uangalie meno kwa tochi. Meno yanayong'aa upande mmoja na kuwa makali kama wembe yamekwisha. Grisi nzito itanyamazisha kelele kwa siku chache, na wapo wanaouza rili hivyo.

Kama gia ni kavu tu, furahi, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Dalili: mafuta yanatokea nje mpaka kwenye mshipi

Ni grisi iliyozidi, au iliyojitenga kwa joto la boksi lililofungwa juani. Pangusa, punguza, weka kivulini. Wanaopaka mafuta ya nazi au ya kupikia kwa kukosa grisi hupata dalili hii kwanza, kisha utomvu unaonata. Vaselini nayo inalainika kwa jua letu. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu ni ya kulegezea, yanaondoa grisi iliyopo na yenyewe hayakai.

Dalili: mshipi unajisokota

Tazama ile puli ndogo kwenye ncha ya waya unaofungua na kufunga. Isukume kwa ncha ya kidole ukiwa umeulegeza mshipi. Isipozunguka, mshipi unaburuzwa juu yake na kujisokota. Grisi iliyoingizwa kwa sirinji imekamata vumbi na nyuzi za magugu maji. Fungua skrubu yake juu ya sahani, maana vipande vyake ni vidogo na mpangilio una maana, osha, tone moja la mafuta, funga.

Ila baadhi ya rili za Daiwa zina mfumo uitwao Magseal, ambao unaziba kwa mafuta yanayoshikiliwa na sumaku. Ukiosha au kuongeza mafuta mengine umeuharibu. Ukiona neno hilo limeandikwa kwenye rili, sehemu hiyo si ya nyumbani.

Dalili: rili ya ngoma hairushi mbali

Hizi zinazokaa juu ya fimbo, spuli yake inazunguka kwa kasi sana chambo kikiruka. Beringi za spuli zikiwa na grisi, chambo kinaanguka mita chache kutoka kwenye jiwe ulilosimamia. Achia spuli izunguke bure kwa kuipiga kidole. Ikisimama upesi, legeza kwanza kifungo cha ubavuni cha kubana spuli. Bado? Zioshe beringi, tone moja moja la mafuta mepesi. Usizikaushe kabisa kwa tamaa ya umbali, zitapiga kelele na kulika. Ile shafti ndefu yenye mikato ya msalaba inayopeleka mshipi kushoto na kulia isafishe kwa brashi yake peke yake, ndiyo inayookota uchafu wote. Kisha rusha mara tano kwa uzito mdogo, gumba likiwa juu ya spuli, kwa sababu sasa itakimbia kuliko ulivyozoea.